Unakula Jiko la Nani?

Mume wangu ana mdomo mzuri wa kula na mbaya wa kujibu maswali. Njia nzima nilimwambia: ukiulizwa kitu, jibu hicho ulichoulizwa, ukimaliza nyamaza. Akaitikia kwa kichwa mpaka nikamwamini. Tulipofika kwenye dirisha la ofisi ya fao la kukosa ajira, karani akamuuliza swali moja tu ambalo hatukulitegemea, naye akalijibu kifua mbele, kama mtu aliyeombwa asimulie harusi yake.

Karani alikuwa kijana mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, sijui alikuwa akionea nini.

"Kuna mwingine ameandikishwa kwenye nyumba hiyohiyo," alisema. "Ni nani wako?"

"Kaka yangu. Tulikuwa wote kiwanda cha magunia, yeye kwenye kupakia, mimi kwenye mashine za kushona. Kiwanda kimefungwa, tumeachishwa siku moja."

"Na mnaishi pamoja?"

"Nyumba ya marehemu baba. Yeye ana vyumba vyake, mimi nina vyangu, na mama yetu ana chake."

"Na kula je?"

"Kula?" Mume wangu akacheka. "Ndugu yangu, sisi ni chungu kimoja! Tangu mzee afariki hatujawahi kugawa jiko. Uliza mtaa mzima."

Nilimkanyaga mguu, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Karani alishusha miwani, akabonyeza bonyeza mashine yake, kisha akatuangalia kwa huruma ile inayoudhi.

"Basi hapo ndipo penye tatizo. Wanaokula chungu kimoja ni kaya moja. Kaya moja, fao moja. Na hilo fao kaka yako ameshalipata."

"Samahani," nilisema, na nikajisikia sauti ikipanda. "Mshahara wa huyu ulikuwa unakatwa kila mwezi kwa ajili ya siku kama hii. Mbona wakati wa kukata hamkuuliza anakula wapi?"

"Dada, mimi sikutunga sheria. Mnaweza kukata rufaa. Mkaguzi atakuja kwenu kuangalia. Akikuta majiko mawili yanayopika kweli, kaya ni mbili, na mumeo atalipwa. Akikuta moja, faili linafungwa na halifunguliwi tena."

"Atakuja lini?"

"Hatoi miadi. Na akishakuja anaweza kurudi siku yoyote," alisema karani, akaita anayefuata.

Njiani nilitembea mbele, mume wangu nyuma. Kitu ambacho watu wa mtaa walitusifia miaka yote ndicho kilichotuponza, tena kwa kinywa chetu wenyewe.

Nyumba yetu ina ua mdogo, na jiko lilikuwa moja, nyuma, chini ya bati. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa akipanga kinachopikwa. Mke wa shemeji yangu ndiye aliyepika, nami nilikata, nikaosha, nikapepeta. Huyo mke wa shemeji nilimwita Dada, kwa sababu nilimkuta humo ndani na ndiye aliyenifundisha ile nyumba: mlango gani unakwama, mama hapendi nini, wanaume wakigombana usiingilie. Tulikuwa tukigombana wenyewe, vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, lakini jioni tulikaa kwenye mkeka mmoja na kula sinia moja.

Tangu fao la shemeji lilipotoka na la kwetu likakwama, ule mwiko wa Dada ulianza kuwa na macho. Hakusema neno. Sitaki kumsingizia. Ila nilipoleta sahani ya mwanangu, mwiko ulitulia kidogo hewani kabla ya kushuka. Na mume wangu, ambaye tulikuwa tukimtania kwamba ana tumbo la kukodi, akawa anasema ameshiba wakati hata jasho la kula halijamtoka. Mwanamume mzima anayekula kwa jasho la kaka yake, tena kaka mwenyewe hana kazi, huyo akisema ameshiba hajashiba. Anaona haya tu. Nilikuwa nikimwangalia usoni na kuumia.

Basi tukakaa kikao, uani, baada ya watoto kwenda kucheza. Shemeji ndiye aliyeanza. Kiwandani walimwita Winchi kwa jinsi alivyokuwa akinyanyua magunia, na hata kuongea anaongea hivyohivyo, kwa mkupuo.

"Tugawe majiko," alisema. "Mpaka huyo mkaguzi aje aondoke. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Tutakula mbali, tutakufa pamoja."

Tukacheka, wote isipokuwa Mama.

"Jiko halichezewi," alisema Mama.

"Mama, ni kwa siku chache."

"Nimesikia. Nimeishi na mashemeji zangu sita kwenye ua mmoja, najua jiko linavyogawanyika. Huwa linaanza kwa siku chache." Alijifunga khanga vizuri kiunoni. "Mimi simkatazi mtu. Wekeni hata majiko kumi. Lakini huyo mtu akija akiniuliza mimi, nitamjibu. Na mnanijua."

Tulimjua. Mama hasemi uongo. Si kwamba anajizuia, hawezi tu. Wakati tulipokuwa tunauza kabati la marehemu baba mkwe, mteja alikuwa ameshatoa pesa mfukoni, Mama akatokea chumbani akamwonyesha mguu ulioliwa na mchwa. Kabati liko ndani mpaka leo. Kwa hiyo tulikuwa na kazi mbili: kujenga jiko la pili, na kumwomba Mungu mkaguzi aje siku Mama amelala.

Jiko langu nililiweka kwenye stoo ya upande wa pili wa ua. Nilitoa magunia mabovu, nikafagia, nikapata jiko la mkaa la mkononi na sufuria mbili za kuazima. Nikapanga chumvi, mafuta, mwiko, kibao cha kukatia. Nikasimama mlangoni nikajisifu. Mama akapita na ndoo yake, akachungulia.

"Jiko lisilo na majivu ni la dukani," alisema, akaenda zake.

Nilikasirika, lakini alikuwa amesema kweli, kama kawaida yake. Mkaguzi angejua. Ikabidi nipike kila siku, asubuhi na jioni, ili ukuta ushike moshi na sufuria zishike masizi. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa wakati huo niliona yanatengenea.

Maana nilianza kupenda. Niseme kweli tu. Nilitia chumvi ninavyotaka mimi. Mume wangu aliongeza wali bila kumwangalia mtu, akaanza tena kutoka jasho la kula. Nilifunika sufuria yangu, nikajua kilichobaki ni changu na kesho nitakikuta. Upande wa pili wa ua niliona Dada naye amelegea mabega, anapika akiimba, hasubiri mtu wa kumkatia vitunguu. Tulisalimiana vizuri kuliko zamani, kwa adabu, tukiulizana habari za kuamka.

Siku moja mtoto wake wa mwisho alikuja stoo kwangu na bakuli, kama alivyozoea. Dada akamwita kwa sauti: "Rudi hapa! Hapo si kwenu!" Alisema kwa nguvu ili kama kuna mtu getini asikie. Mtoto akasimama katikati ya ua, hajui aende wapi. Dada akacheka, nami nikacheka, kisha kila mmoja akageukia moto wake. Mtoto akarudi na bakuli lake tupu.

Mama alikula mchana kwa Dada na jioni kwangu. Hakusifu, hakulaumu. Alikuwa akikaa kwenye kigoda chake mlangoni kwake, katikati yetu, akichambua maharage ya pande zote mbili, maana hilo hakukubali liguswe na mtu mwingine. Alisema sisi tunaacha mawe.

Mkaguzi alikuja asubuhi, siku ambayo nilikuwa nimeacha kumngojea.

Nilidhani atakuwa mwanamume mkali mwenye kalamu sikioni. Kumbe alikuwa mama wa makamo, viatu vya chini, mkoba mkubwa, sauti ya mtu anayeuliza njia. Hao ndio wa kuogopwa. Alimsalimia Mama kwanza, akamwamkia kwa heshima zote, akaulizia afya, miguu, wajukuu. Mama akamjibu yote kwa unyoofu.

Wanaume wote walikuwepo. Shemeji alisimama kwenye kizingiti cha vyumba vyake, mume wangu kwenye cha kwetu, kama walinzi wa mabenki mawili.

Mkaguzi alianza kwa Dada. Aligusa jiko kwa nyuma ya kiganja. Alichungulia pipa la unga. Kisha akauliza, kama mtu anayepiga soga tu: "Na chumvi ikikuishia usiku, unaomba wapi?"

Dada akafungua mdomo. Ilikuwa imebaki kidogo aseme kweli, nilimwona. Kisha akasema: "Naomba hapo kwa mwenzangu. Ikimwishia yeye ananiomba mimi. Si majirani?"

"Ndivyo," alisema mkaguzi, akatabasamu. Sikuwahi kumpenda Dada kama wakati ule.

Akavuka ua, akaingia stoo kwangu. Aliangalia ukuta ulioshika moshi, akapitisha kidole. Akainua kifuniko cha sufuria. Akakirudisha. Akasimama kidogo, akarudi mlangoni, akamwangalia Dada kule ng'ambo.

"Maharage," alisema. "Na kule maharage. Naona yamechambuliwa vizuri sana, yote."

Mkono wa Mama ulikuwa kwenye sufuria zote mbili. Mume wangu akakohoa, na nilipoona anataka kusaidia nikajua tumekwisha, kwa hiyo nikamuwahi.

"Mama mkaguzi, nyumba yenye wanaume wawili walioachishwa kazi itakula nini? Ukikuta nyama hapa ndiyo uandike."

Akacheka. Alicheka kweli, nikaona meno mpaka ya nyuma. Nikadhani imekwisha. Alikuwa ameshafunga mkoba, anaaga, ndipo alipofika kwenye kigoda cha Mama na kusimama.

"Na wewe mama," alisema taratibu, "unakula jiko la nani?"

Hilo swali hatukulifikiria hata mmoja wetu. Tulikuwa tumeogopa Mama asije akaulizwa kama majiko ni mawili kweli. Lakini hili halikuwa la kweli na uongo peke yake. Akisema anakula kote, basi chungu ni kimoja na faili linafungwa. Akisema anakula kwa mkubwa, amemtupa mdogo mbele ya watu. Akisema kwa mdogo, amemtupa mkubwa, na Dada aliyemuuguza alipoanguka bafuni atalibeba neno hilo mpaka kaburini.

Na mimi niliyesimama pale, nilitaka nini? Nilitaka aseme kwangu. Mungu anisamehe, katikati ya hofu yote ile, hilo ndilo nililolitaka, na nilipomtazama Dada niliona naye anataka lilelile. Tulikuwa tunamkodolea macho yule bibi kama watu wanaogombea kiti.

Mama alituangalia. Alimwangalia Dada, akaniangalia mimi, akawaangalia wanawe mmoja mmoja kwenye vizingiti vyao. Aliweka chini ungo.

"Mimi najipikia," alisema.

"Unajipikia mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Naomba nione."

Mama akainuka, akashika goti, akaingia chumbani kwake. Tulisikia anasogeza vitu. Akatoka na kile kisufuria alichokuwa akichemshia maji ya kukandia miguu, akakiweka kwenye mafiga ya zamani pembeni ya mlango wake, yale tuliyokuwa tunaanikia viatu. Mkaguzi akainama, akachungulia ndani.

"Mbona hakuna kitu?"

"Bado sijapika. Leo sijapata mboga."

Hapo mkaguzi akanyanyua kichwa. Alitazama sufuria ya Dada inayotokota, akatazama mlango wa stoo yangu ambamo harufu ya maharage ilikuwa inatoka, kisha akawatazama wale wanaume wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa muda ambao sitausahau. Ile sauti ya kuuliza njia ilikuwa imeondoka.

"Wana wawili," alisema. "Majiko mawili yanawaka. Na mama yenu anakosa mboga."

Shemeji, mtu aliyekuwa akibeba gunia kwa mkono mmoja, aliinamisha kichwa. Mume wangu akafungua mdomo. Safari hii sikumkanyaga, nilikuwa mbali, ila alifumba mwenyewe. Angesema nini? Kila neno la kujitetea lingefunga faili. Tukasimama tumemeza aibu, wote wanne, na Mama katikati akifunga na kufungua pindo la khanga yake.

"Kaya mbili," alisema mkaguzi akiandika. "Hapana. Tatu." Akamshika Mama mkono, akamwambia pole, akatoka bila kutuaga sisi.

Geti lilipofungwa, mume wangu alikuwa wa kwanza kupiga magoti. Shemeji akafuata. Walikuwa wanacheka na kulia kwa pamoja. "Mama, umetuokoa! Mama, sisi tulidhani utasema!" Dada alikuwa ameshapakua, amejaza sahani mpaka pembeni, nami nikakimbilia yangu. Tukafika kwake pamoja, kila mmoja na sahani yake mkononi, tukasimama.

"Rudisheni," alisema Mama.

"Mama, ameshaondoka," nilisema.

"Ameondoka yeye. Mimi bado nipo. Nimesema najipikia, mnataka niwe mwongo?" Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika. "Nitumieni mtoto mmoja dukani aniletee mboga. Pesa yangu ninayo."

Shemeji akasema hapana, haiwezekani. Akapandisha sauti, ile ya winchi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Baba, mkaguzi anaweza kurudi siku yoyote. Si ndivyo mlivyoambiwa?" Na ilikuwa kweli, ndivyo tulivyoambiwa. Akapuliza moto mwenyewe, kwa mdomo, mpaka machozi ya moshi yakamtoka. Hakuna aliyethubutu kumsogelea na upepeo.

Fao la mume wangu lilitoka. Tulilipa ada ya mtoto, tukanunua viatu, na yeye akapata nauli ya kuzunguka kutafuta kazi. Kwenye kikao kingine shemeji alisema sasa turudishe jiko, tumwombe Mama msamaha, yaishe. Wote tuliitikia ndiyo. Dada aliitikia, nami niliitikia. Kesho yake niliamka nikawasha moto wangu stoo, nikachungulia, nikaona na wake unawaka. Hatukuzungumza tena habari hiyo. Sitamlaumu mkaguzi wala yule karani wa miwani. Jiko lile sikulizima kwa sababu sikutaka kulizima.

Lakini Mama sikuweza kumzoea. Kila nilipomwona ameinama kwenye mafiga yale, na kisufuria kile kisichotosha hata mtoto, chakula kilinikwama. Siku moja nikapika wali vizuri, nikachagua sahani yangu ya maua, nikajaza, nikampelekea. Nilijiandaa kukataliwa. Hakukataa. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante sana mwanangu, Mungu akuzidishie. Nilirudi kwangu nikiwa mwepesi, nikamwambia mume wangu mambo yamekwisha, Mama amelegea.

Asubuhi alikuja mlangoni kwangu. Hakuingia. Alipiga hodi, akangoja nimkaribishe, kwenye nyumba aliyoijenga na mumewe. Alikuwa ameshika sahani yangu, imeoshwa ikang'aa, na ndani yake ameweka nyanya mbili, kwa sababu sahani ya jirani hairudishwi tupu.

Nilizipokea nyanya nikasema asante. Nilipoona mgongo wake umeingia mlangoni kwake, nilikaa chini jikoni kwangu, karibu na sufuria zangu, nikalia.